Kipande cha Nne

Jotham, mwenyekiti wa kijiji chetu, ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, kwa hiyo ninayo haki ya kumsema. Nisipomsema mimi atasemwa na nani? Wengine wanamwogopa kwa sababu ana muhuri. Muhuri wenyewe anaufunga kwenye leso na kuulaza chini ya mto, na mkewe ananiambia hata akienda chooni anaondoka nao. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeandika barua kwamba kipande cha nne ni pori.

Niwaeleze kipande cha nne ni kitu gani, maana hata watu wa kwetu walielezwa miaka kumi na hawakuelewa. Juu ya kijiji chetu, huku Lufingo, kuna kilima tunakiita Kabwe. Ni malisho tangu enzi za babu zetu. Zamani kila mtu alipeleka ng'ombe wake pale siku aliyotaka, wakala majani mpaka mizizi, wakakanyaga, wakarudi kesho yake kulamba vumbi, mpaka kilima kikabaki uchi. Na sisi tunaishi chini yake. Migomba yetu iko chini yake, na kahawa, na chemchemi. Nyumba yangu ndiyo ya kwanza kabisa ukishuka.

Mwaka wa themanini na sita, mwezi wa nne, kilima kiliteremka. Ilinyesha siku tisa mfululizo, na asubuhi ya siku ya kumi udongo ukamkuta mume wangu, Ambindwile, bandani akifungua ndama wawili. Tulimchimbua saa nane mchana. Msibani watu walikaa siku nne wakila na kunywa, na kwa masikio yangu haya niliwasikia wazee wawili wakisikitika: "Na wale ndama walikuwa chotara, jamani." Jotham, mdogo wake wa tumbo moja, alileta jogoo. Kwetu ndugu anazikwa kwa ng'ombe, lakini Jotham alisimama mbele ya watu, machozi yakimtoka, akasema hana ng'ombe hata mmoja duniani. Tukamwonea huruma. Tukamla jogoo.

Baada ya msiba akaja Erasto, bwana mifugo, wakati huo bado kijana mwenye baiskeli na daftari. Akatuambia ng'ombe si adui wa ardhi, adui ni mchungaji mjinga. Nikampenda hapohapo. Akasema tukigawe kilima vipande vinne. Ng'ombe wote waingie kipande kimoja kwa pamoja, wale upesi, waache samadi, wahame kabla hawajarudia jani walilokwisha kulikata, na wasirudi mpaka nyasi zisimame tena. Hivyo vipande vitatu vizunguke mwaka mzima. Cha nne, chenye mteremko mkali, ambacho ndicho kilicho juu ya paa langu, kifungwe masika yote, asiguse hata mbuzi, nyasi zitoe mbegu na mizizi ishike udongo. Kifunguliwe kiangazi, ardhi ikishakauka na kuwa ngumu. "Kwato zinailima ardhi na mavi yanairutubisha," alisema, "ila lazima ng'ombe ajue siku ya kuondoka." Watu wakapiga makofi, wakasema ndaga, ndaga fijo, yaani asante sana, wakaenda kunywa pombe.

Ulipofika wakati wa kuchagua mwenyekiti wa kamati ya malisho, wanaume walitazamana. Kazi haina posho wala muhuri. Jotham akasema, "Apewe mama Sekela. Mjane akipata shughuli hawazi sana." Ndivyo nilivyopata cheo. Nilipanda uzio wa miti kuzunguka kile kipande, nikaweka lango la mbao na kufuli, na ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na msalaba wangu. Ng'ombe aliyekutwa ndani masika nilimfunga kwangu mpaka mwenyewe aje aombe radhi mchana kweupe, majirani wakisikia. Walinichukia vizuri sana. Mwaka wa tatu chemchemi iliyokuwa imekauka ikarudi. Mwaka wa tano maziwa yakawa mengi hata nikawa napeleka madumu mawili mjini Tukuyu kila asubuhi. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya lango langu. Walisema Mungu ni mwema, na mimi sikubishana na Mungu.

Kisha zikaja hizi enzi za ruksa, na pamoja nazo akaja Amoni.

Amoni mnamjua. Alikuwa mtunza ghala wa chama chetu cha kahawa. Chama kilivyokuwa kinakonda, yeye alikuwa ananenepa, na siku chama kilipokufa vifungo vya koti lake havikufungika. Akapotea Mbeya miaka mitatu, akarudi na pikapu nyeupe na neno jipya, mwekezaji. Zamani mtu akitolea macho ardhi ya wenzake tulimwita mnyang'anyi, tukamaliza. Siku hizi kuna majina mazuri ya kila kitu. Alitaka eneo la kufugia ng'ombe wa maziwa, na jicho lake lilitua Kabwe. Hakuja kwetu. Alikwenda kwa Jotham, na hakwenda mikono mitupu. Alimpelekea kiti cha ofisini, kile cha kuzunguka, chenye magurudumu.

Jotham alizunguka kwenye kile kiti siku nzima. Jioni yake akagonga muhuri.

Mimi nilizipata habari mjini. Maziwa yangu namwuzia Suleimani, mwenye mgahawa karibu na stendi, ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani na cherehani moja. Watu wa maofisi wanakunywa chai kwake, na Suleimani ana masikio. Asubuhi ile alipokea madumu, hakuyamimina.

"Mama Sekela," akasema, "Kabwe si kilima chenu?"

"Ni chetu, baba Rahma. Kimefanya nini?"

"Jana watu wa ardhi walikaa meza ile pale. Wana barua ya mwenyekiti wenu. Inasema juu ya kilima kuna sehemu ni pori tupu, haina mtu wala mnyama, na kijiji hakina haja nayo. Kuna mtu ameiomba. Bwana ardhi atapanda Alhamisi ya wiki ijayo kuthibitisha. Akikuta pori, inagawiwa."

Sikumaliza hata chai yake. Nilirudi kwa miguu nikipanda mlima kama msichana, nikamkuta Jotham amekaa kitini, barazani, miguu haifiki chini.

"Shemeji, kipande cha nne ni pori?"

Akajizungusha kidogo asinitazame. "Kuna ng'ombe mle?"

"Ni masika, shemeji."

"Nimekuuliza kuna ng'ombe."

"Hakuna. Kimefungwa. Kinapumzika."

"Basi. Nyasi zinafika kiunoni, hakuna zao, hakuna ng'ombe. Wewe ungeandika nini?"

"Mtu akilala, wewe unaandika amekufa?"

"Usinipigie kelele, mama. Tumetumia miaka kumi kutazama nyasi. Dunia inakwenda mbele."

Dunia inakwenda mbele, anasema mtu anayezunguka mahali pamoja! Nilimwacha. Nikaenda kwa Erasto, ambaye sasa ana kitambi na pikipiki ya serikali. Nikamwomba aandike barua fupi tu, kwamba ardhi iliyopumzishwa ni ardhi inayotumika, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Akajikuna shingo. Akasema barua ya namna hiyo inahitaji saini ya mkubwa wake, na mkubwa wake yuko Arusha wiki mbili. Nikamwuliza anafanya nini Arusha. Akasema yuko kwenye semina ya matumizi bora ya malisho.

 Kuna mambo hata matusi hayayatoshi.

Mkutano wa kijiji ukaitwa Jumapili baada ya ibada, shuleni, katika chumba cha darasa la saba. Niliwaeleza watu yote, kiti na muhuri na Alhamisi. Wakachemka. Hawakuchemka kwa ajili ya mizizi na udongo, msidhani. Walichemka kwa sababu Jotham alikuwa amepata kiti na wao hawakupata kitu. Lakini hasira ni hasira, nikadhani itatufaa. Jotham aliposikia chumba kinanguruma, akageuka upesi kuliko kile kiti chake. Akasimama.

"Ndugu zangu, mimi niliandika nilichokiona. Sasa nanyi mnataka kionekane kingine. Dawa ni moja tu. Alhamisi bwana ardhi akute ng'ombe mle. Ng'ombe wengi!"

Makofi. Mbao za dari zilitikisika.

Nikasimama. "Ni mwezi wa nne," nikasema. "Ardhi imelowa kama sifongo. Mkiingiza kwato pale sasa hivi mtachana ngozi ya kilima, na mnajua chini yake yuko nani."

"Siku moja tu, mama Sekela," akasema mtu nyuma.

"Siku moja tu," wakaitikia wengine.

Nikamtazama Erasto, aliyekuwa amekaa dirishani. Akafungua daftari, akalifunga. "Mama anasema kweli kitaalamu," akasema. "Ila kwa siku moja, kama wakitolewa jioni, huenda..."

Huenda. Serikali inamlipa mtu mshahara ili aseme huenda.

Kilichonimaliza ni Agness, jirani yangu, ambaye kahawa yake inapakana na migomba yangu na hana ulimi wa kusema ovyo. Akasema polepole, "Mama Sekela, tukikiharibu kipande, kitapona. Kikichukuliwa, hakirudi. Na Amoni akishakuwa juu ya paa lako, utamfunga ng'ombe wake nani akuombe radhi?"

 Usiku na mchana wa siku tatu nilitafuta jibu na sikulipata. Nikiacha lango limefungwa, Amoni anakipata kipande na kukifanya apendavyo, na nyumba yangu iko chini. Nikilifungua, nakiharibu kwa mkono wangu, na nyumba yangu iko chini vilevile. Niliogopa. Nimewacheka watu wengi katika maisha yangu na sitajiacha mwenyewe. Jumatano alasiri nilipanda Kabwe, nikauvua ufunguo shingoni, nikafungua. Hakuna aliyenishika mkono. Nilifungua mimi.

Hesabu yangu ilikuwa ng'ombe sitini, maana ndio waliokuwa wakionekana kijijini. Hapo nilisahau kwamba naishi na watu gani. Mnyakyusa mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote kwake. Wawili anawaweka kwa rafiki huko Masoko, watatu kwa wakwe huko Igogwe, mmoja kwa mtu asiyemtaja hata kwa mkewe. Rafiki anakunywa maziwa, mwenyewe anapata ndama, na ndugu wakija kuomba dume la msiba anawaonyesha zizi tupu na uso wa huzuni. Hivyo ndivyo tulivyo, kila mtu maskini mpaka afe ndipo wanaanza kuja watu na kamba mkononi, kila mmoja akiongoza ng'ombe wa marehemu.

Lakini safari hii kulikuwa na uvumi kwamba bwana ardhi ataandika majina, na mwenye ng'ombe wengi ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenye kilima. Nani alianzisha uvumi huo sijui. Ulitosha. Kuanzia Jumatano jioni ng'ombe walianza kuingia kwa njia zote tatu. Wa Masoko, wa Igogwe, wenye kengele, wenye alama za masikio ambazo sijapata kuziona. Wanaume walivaa makoti. Ilikuwa sawa na msiba usio na maiti, kila ukoo unaingia kwa kishindo na kutazama wenzake wameleta wangapi. Zizi la mwenzako ulilolionea huruma miaka ishirini limefurika mbele ya macho yako! Alhamisi asubuhi nilihesabu mia mbili na arobaini, nikaacha.

Na Jotham akaja. Alikuwa mbele, fimbo begani, nyuma yake ng'ombe kumi na mmoja, wanene, wanang'aa. Wa mwisho alikuwa jike mzee mwenye pembe moja iliyopinda mpaka jichoni. Nilimtazama meno. Erasto alikuwa karibu, nikamwuliza huyu ana umri gani. Akasema, hakosi miaka kumi na tatu.

Kumi na tatu. Ambindwile alikuwa na miaka kumi kaburini. Siku ile ya jogoo, huyu ng'ombe alikuwa amesimama mahali fulani Masoko, anacheua.

Jotham aliniona ninavyomtazama. Akapiga mluzi, akawapitisha langoni.

Bwana ardhi hakuja Alhamisi.

Ijumaa nilipopeleka maziwa, Suleimani akanieleza kwamba gari la ofisi halina dizeli. Jumamosi na Jumapili si siku za kazi. Labda Jumatatu. Nilirudi mbio nikawaambia watu watoeni, watoeni mara moja, mtawarudisha Jumatatu asubuhi. Wakanitazama kana kwamba nimelewa. Je, akija leo? Je, akija kesho bila taarifa? Na kubwa zaidi, kila mmoja alimtazama mwenzake: nikiwatoa wangu wewe ukawaacha wako, kilima kitaandikwa cha nani? Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Wote walikubali kuwatoa, mradi fulani atoe kwanza. Fulani naye alikuwa anamsubiri mwingine. Jotham, mwenye muhuri, ambaye angeweza kuamuru, alisema suala hili ni la wananchi.

Ikanyesha. Ijumaa usiku, Jumamosi kutwa, Jumapili kutwa. Nyasi zilizonifika kiunoni Jumatano hazikuwepo Jumamosi. Jumapili ng'ombe walikuwa wanang'oa mizizi na kulia, wamezama kwenye tope mpaka magotini, wanateleza na kuangukiana. Miaka kumi ya kufunga lango ililiwa kwa siku tatu, na siku mbili zilizobaki ilikuwa ni kukanyaga tu. Tope lilianza kushuka kwenye njia ya chemchemi, jembamba, la rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nasimama mlangoni kwangu nikilitazama, na nilikuwa nalia, na sioni haya kulisema.

Jumatatu saa tano bwana ardhi alifika. Alifika kwa pikapu nyeupe. Gari la ofisi halikuwa na dizeli, na mwekezaji, kwa moyo wake mwema, alimpa lifti.

Walishuka wote wawili, Amoni na buti mpya za mpira. Bwana ardhi alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, sitamsingizia. Alipanda hatua thelathini, akateleza, akashikwa na Amoni, akasimama. Jotham akajitokeza na koti lake.

"Mheshimiwa, kama unavyojionea, ardhi hii inatumika sana."

"Naona," akasema yule mtu. "Imetumika mpaka imekwisha."

Akatoa karatasi, akaandika akiwa amesimama, Amoni akimshikia mwavuli. Kisha akatusomea, maana alikuwa mwungwana. Aliandika kwamba mifugo imezidi mno uwezo wa ardhi. Kwamba wanakijiji hawana utaalamu wa malisho. Kwamba kuna hatari ya maporomoko kwa makazi yaliyo chini. Na kwamba anapendekeza si sehemu ile peke yake, bali kilima chote cha Kabwe apewe mwenye uwezo wa kukitunza.

Amoni aliomba robo. Tulimpa kilima kizima.

Nikasogea mbele nikiwa na tope mpaka mapajani. "Mwanangu," nikamwambia, "ungekuja Jumatano iliyopita ungekuta nyasi zinafika hapa."

Akanitazama kwa upole kabisa. "Mama, Jumatano iliyopita ningekuta pori."

Jioni ile kila mtu alichukua ng'ombe wake. Hakuna aliyeagana na mwenzake. Siku kumi na mbili baadaye, alfajiri, kipande cha nne kilishuka. Hakikushuka chote, tushukuru. Kilichukua kahawa ya Agness, mistari minane, kikafukia chemchemi, kikapita katikati ya migomba yangu na kusimama hatua sita kutoka mlangoni. Kaburi la Ambindwile liko hatua kumi na mbili kutoka mlango huohuo. Asubuhi nilitafuta msalaba wake kwa jembe. Ndivyo mume wangu alivyofukiwa mara ya pili, na mara hii kwa ufunguo wangu.

Hati ilitoka mwezi wa nane. Amoni alileta seng'enge, nguzo za zege, lango la chuma, na wataalamu wawili wenye ramani. Na ramani ilikuwa na nini? Vipande vinne. Vitatu vya kuzunguka, na kimoja chenye mteremko mkali, kilichopakwa rangi ya kijani, cha kufungwa masika. Erasto aliitwa kutoa maelezo akasema ni mfumo wa kisasa. Kwenye njia panda wakasimamisha bango, mradi wa malisho endelevu, na chini yake majina ya wafadhili.

Kisha Amoni akaja kwangu. Alisimama uani, kofia mkononi.

"Mama Sekela," akasema, "hawa vijana wangu wanajua kuchora. Hawajui siku. Lini kufungua, lini kufunga, nyasi ipi ikitoa ua ng'ombe aondoke. Kila ninayemwuliza ananitajia wewe. Njoo unishikie ufunguo."

Nilitaka kumtemea mate. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Lakini nyuma ya kofia yake niliona lile kovu la kilima, jeusi, refu, linaelekea kwenye paa langu, na masika ijayo ilikuwa imebakiza miezi saba. Nikayameza. Nikamwambia ng'ombe wake wa kwanza nitakayemkuta mle mwezi wa nne, nitamfunga kwangu, naye atakuja kuniomba radhi majirani wakisikia. Akacheka, akakubali. Kijijini wakaniita kibaraka wa Amoni. Waliosema hivyo ni walewale mliowaona wakiingia langoni na makoti.

Masika hiyo nyasi zilianza kurudi. Chache, za magoti, lakini zikasimama. Mwezi wa tano wakaja wageni, likafungwa turubai, wakachinjiwa ng'ombe. Bwana ardhi alikuwepo. Akanyoosha kidole juu kwenye kipande cha nne, kitupu, hakuna mtu wala mnyama.

"Tazameni pale," akawaambia watu. "Mwekezaji angeweza kuingiza mifugo. Hakuingiza. Ameipumzisha ardhi. Huo ndio utaalamu."

Walipiga makofi. Jotham alipiga makofi. Agness naye alipiga, kisha akaniona, akaweka mikono mapajani.

Jotham maisha yalimgeuka. Ng'ombe akishaonekana hafichiki tena. Ndugu wote sasa walijua ana kumi na mmoja, na marafiki zake wa Masoko, waliochoka kumfichia mali yake, walimrudishia wote. Ng'ombe wakawa wanalala nyuma ya jiko lake, mbavu nje, maana Kabwe yote ilikuwa na seng'enge na kijijini hapakuwa na jani. Masika iliyofuata, mwezi wa nne tena, mvua inanyesha, nikamwona anapanda na kundi lake. Alisimama upande wa pili wa lile lango la chuma. Koti lilikuwa limeloa likamning'inia.

"Shemeji," akasema, "wanakufa. Fungua. Siku moja tu."

Nyuma yangu nyasi zilikuwa zimefika kiunoni tena. Amoni alikuwa Mbeya. Hakuna ambaye angejua. Yule jike mwenye pembe iliyopinda alikuwa mbele, ameweka kidevu juu ya chuma, ananitazama. Hakuwa na kosa lolote. Nilimwonea huruma yule ng'ombe kuliko nilivyomwonea binadamu yeyote mwaka ule, na niliona aibu, maana nilikuwa nalinda malisho ya babu zetu dhidi ya ukoo wangu kwa mshahara wa Amoni.

"Kuna ng'ombe humu?" nikamwuliza Jotham.

Akatazama. "Hakuna."

"Basi."

 "Unataka nikuambie nini, Tusekile?" Alikuwa hajaniita jina langu tangu niolewe kwao.

"Huyu wa pembe mbaya," nikasema, "mwaka wa themanini na sita alikuwa wapi?"

Mvua ilikuwa inamtiririka puani.  Akainua fimbo, akawageuza mmoja mmoja, akaanza kushuka nao kwenye utelezi. Nilibaki langoni nikiwahesabu mpaka wakafika kwenye migomba. Walikuwa kumi na mmoja.